Uso Uliong'arishwa

Debora hakuwa mtu wa kukurupuka. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye wapo waliomwita mzembe, na anayesema hivyo hamjui. Alikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, mwanamke ambaye hata akinunua nyanya huzigeuza moja moja mpaka muuzaji ananuna. Alipanga vyumba viwili Makole na kumsomesha binti yake Anitha shule ya bweni, peke yake, kwa mshahara ambao tabia yake ilikuwa kuisha kabla mwezi haujafika katikati. Wenzake ofisini waliuza vitenge na karanga chini ya meza. Yeye alikuwa na simu nzuri na subira, akaanza kupiga watu picha za pasipoti na kuwajazia maombi ya mtandaoni, jioni na siku za mapumziko.

Mifumo ya maombi ya siku hizi ina masharti kuliko mkwe. Picha iwe na mandhari ya bluu, masikio yaonekane, kichwa kisifunikwe, na faili lisiwe kubwa, la sivyo inarudishwa bila hata pole. Kuna programu nyingi za simu zinazodai kukufanyia yote hayo kwa kubonyeza mara moja, na Debora alizijaribu kama anavyojaribu nyanya. Ya kwanza ilipachika jina la kampuni yake katikati ya shingo ya mteja. Ya pili iliomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake wote. Akajiuliza picha ya pasipoti inahusiana nini na habari za kikoba chake, akaifuta. Ya tatu ilikula bando mpaka akaona anawafanyia kazi watu wa mitandao ya simu. Ya nne, yenye nembo ya kipepeo, ilikuwa ya bure, haikuomba ruhusa za ajabu, na ilifanya kazi hata mtandao ukikatika. Alisoma maoni ya watumiaji, wakorofi kwanza halafu waliosifu. Kisha, kabla ya kumgusa mteja yeyote, akaijaribu kwa uso wake mwenyewe. Picha ikatoka safi. Akaridhika.

Uso wa Debora hauna kovu, hauna chunjua, hauna alama yoyote. Hapo ndipo alipoingia mkenge, na hakujua.

Alijua Alhamisi moja jioni, alipobishiwa hodi na Gaudence, kijana wa chuo ambaye alikuwa amempiga picha wiki hiyo kwa ajili ya maombi ya kazi.

"Shikamoo dada Debora."

"Marahaba. Picha imekataliwa?"

"Haijakataliwa, imependeza mno. Ila kovu langu liko wapi?"

Gaudence alikuwa na kovu nene lililopasua nyusi ya kushoto, kumbukumbu ya baiskeli na utundu wa utotoni. Kwenye picha nyusi ilikuwa nzima. "Nimemtumia mama," alisema akicheka, "akaniuliza huyu mchumba wa dada yako ni wa wapi."

Debora naye alicheka. Akafungua simu, akaweka picha ya mwanzo kando ya ile iliyosafishwa, akatazama. Kweli, kovu halikuwepo. Akaanza kupekua mipangilio ya ile programu, na chini kabisa, mahali ambapo mtu hafiki kama hana shida, akakuta kitufe kilichoandikwa kung'arisha uso. Kilikuwa kimewashwa. Kilikuwa kimewashwa tangu siku ya kwanza, bila kumuuliza mtu. Alikizima, akampiga Gaudence picha nyingine, akamwomba radhi, na kijana akaondoka na kovu lake.

Mlango ulipofungwa ndipo alipokumbuka Gulwe. Kicheko kilimkauka mdomoni, akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

Gulwe, wilayani Mpwapwa, ng'ambo ya reli, ndiko kwao. Mwaka ule bwawa lilikuwa limepangwa kujengwa huko, na mashamba ya bondeni yangezama. Wenye mashamba walitakiwa kuomba fidia mtandaoni, kila mmoja na picha yake, na wengi wao walikuwa wazee ambao simu zao ni za tochi. Debora ndiye aliyewajazia. Kiangazi chote alikuwa akienda Jumamosi, anawakalisha kwenye kibaraza cha kanisa mmoja baada ya mwingine, anawapiga picha, anawajazia, na kila mahali mfumo ulipodai namba ya simu aliandika yake. Walimlipa walichokuwa nacho, wengine kuku, wengine karanga. Mama yake mzazi, Ruthu, alikuwa miongoni mwao. Shamba la bondeni ndilo pekee alilokuwa nalo.

Na wazee wa Kigogo wa umri ule wana alama. Ni duara dogo katikati ya paji la uso, walilotiwa utotoni, limekaa na mtu mpaka uzeeni, na ndilo la kwanza unaloliona ukikutana naye. Kizazi cha Debora hakina. Watoto wa sasa hata hawaulizi.

Alifungua picha za Gulwe. Wa kwanza alikuwa Mzee Matonya, jirani yao. Paji lake la uso lilikuwa tupu na laini, mikunjo imepunguzwa, mzee amekuwa kama mwanawe. Akasukuma mbele. Paji tupu. Akasukuma tena. Kijiji kizima cha wazee kilikuwa kimefutwa usoni, na kila mmoja wao alikuwa ametumwa kwenye mfumo akiwa mtu mwingine. Mama yake alikuwa wa mwisho. Debora hakuitazama picha ile kwa muda mrefu.

Uhakiki wa wenye mashamba ulikuwa keshokutwa, Jumamosi. Mtendaji wa kijiji alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti, na mama yake alikuwa amempigia simu kumweleza: wakaguzi watakuja na picha zote, kila mtu asimame mbele yao, na ambaye uso wake haufanani na picha atafutwa. Katika vijiji vingine walikuwa wamekamata wamiliki hewa, watu wasiokuwepo walioandikiwa mashamba. Kwa hiyo safari hii, mtendaji alisema, aliyefutwa ndio imetoka hiyo, harudishwi, na aliyemjazia maombi anakwenda polisi siku hiyohiyo.

Debora alikuwa bado sakafuni. Aliiona namba yake ya simu imejipanga chini ya kila jina. Nani angeamini? Mtumishi wa serikali, tena mtunza kumbukumbu, mtu anayejua mafaili, ametuma nyuso zisizokuwepo kuomba fidia. Hata yeye, angeletewa faili la namna ile mezani, angesema huyu mama ni mwizi.

Ijumaa ofisini alikuwa mtu wa kushtukashtuka. Alipiga namba ya msaada wa mfumo. Muziki ukamwimbia mpaka salio likakata. Alijaribu kuingia kubadilisha picha. Dirisha la masahihisho lilikuwa limefungwa zamani. Mtu akiita "Debora!" kutoka chumba cha pili, anashika meza. Mlango wa mkuu wake ulipofunguliwa ghafla alisimama kabla hajaitwa, na mkuu akamwuliza, "Vipi, unaumwa?" Akasema ndiyo, anaumwa. Hakudanganya. Akaomba ruhusa, akapanda basi la Mpwapwa.

Njia nzima alijipigia hesabu za mwoga. Afute ile programu? Picha zilishatumwa, ingekuwa kama kufagia uwanja baada ya wageni kuondoka. Aseme wazee walijipiga picha wenyewe? Kwa simu za tochi? Anyamaze, abadilishe laini ya simu, asitokee kabisa? Hilo lilimvutia mpaka akajiogopa. Kama angenyamaza, labda asingepatikana upesi, pengine asingepatikana kabisa. Lakini mama yake angesimama pale mbele za watu, angeambiwa wewe si wewe, na maji yangekuja kulichukua shamba bure. Na akisema, mama anapona, yeye anaingia ndani, na Anitha anarudishwa nyumbani. Alipanga sentensi za kuanzia, akazipangua. Basi lilipopita Kongwa alikuwa bado hajapata hata moja.

Alifika kwa bodaboda jua likizama. Ruthu alikuwa jikoni, kichwa wazi, anapika mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja Ijumaa?" Alimtazama mara moja tu, kisha akageuka kwenye chungu. Duara la paji lake lilikuwa linang'aa kwa jasho na mwanga wa moto, na Debora akajikuta anaangalia pembeni, kama anavyofanya siku zote.

Tuseme ukweli hapa, maana unahusika. Debora alipokuwa kidato cha pili, mama yake alikwenda kumtembelea shuleni, amebeba karanga na furaha. Wasichana wa mjini walimzunguka wakauliza lile duara ni nini. Debora akasema ni kovu la moto. Akamsindikiza mama yake mpaka getini na kumwambia, kwa sauti ya chini, siku nyingine afunge kitambaa chini kidogo. Tangu siku hiyo, kila Ruthu akija mjini, anafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Makole majirani wanamjua hivyo. Debora hakuwahi kuligusia tena, na aliamini kwamba jambo lisiloguswa linakufa lenyewe.

Walipokaa kula, alijaribu.

"Mama, huo uhakiki wa kesho..."

"Najua. Uso ufanane na picha."

"Sasa zile picha, mama, kuna tatizo. Nyuso zime..."

"Nimeziona. Si ulimgeuzia kila mtu simu aone yake?" Ruthu alimega ugali wa uwele, akauchovya taratibu. "Wasikutishe hao. Sisi tumeshapanga."

"Mmepanga nini?"

"Kula, mlenda unapoa."

Alitaka kuendelea. Aliogopa kusema neno polisi ndani ya nyumba ile, na aliogopa zaidi kwamba mama yake alikuwa ametulia. Mtu mzima aliyetulia namna hiyo ana jambo.

Asubuhi alipoamka, mama yake alikuwa ameshaondoka.

Uhakiki ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Meza mbili, polisi wawili waliokuwa wanaota jua, mtendaji akizungukazunguka kama mwenye harusi, na mkuu wa wakaguzi, mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Mwanasha, mwenye kishikwambi mbele yake na miwani iliyoshuka puani. Debora alisimama pembeni, karibu na ukuta wa darasa, akawatazama wazee wao kwenye foleni. Mwanzoni hakuelewa anachokiona. Halafu akaelewa.

Wanawake wote walikuwa wamefunga vitambaa mpaka kwenye nyusi. Wanaume wote walikuwa wamevaa kofia, wamezishusha, wengine za sufu, kwenye jua lile. Hakuna paji la uso hata moja lililokuwa wazi. Wazee wa watu walikuwa wamekaa wakakubaliana kufanana na picha.

Wa kwanza alikuwa Mzee Matonya.

"Shikamoo mzee," alisema Bi Mwanasha. "Naomba uvue kofia."

"Nina baridi."

Polisi mmoja alicheka. Bi Mwanasha hakucheka. "Vua, baba. Ni utaratibu, kwenye picha huna kofia."

Mzee alitazama huku na huku, akaivua polepole. Bi Mwanasha alimwangalia, akaangalia kishikwambi, akamwangalia tena, akapandisha miwani. "Huyu siye."

"Ni mimi. Nimezaliwa pale." Alinyoosha kidole.

"Hii picha ni ya mtu mwingine, labda mdogo wako. Una alama kubwa hapo, huyu hana. Nani alikujazia maombi?"

Mzee Matonya, ambaye anakumbuka majina ya ng'ombe waliokufa kabla ya Uhuru, alikuna kichwa. "Nimesahau."

"Basi kaa pale kwenye benchi. Namba yake ninayo hapa." Akachukua simu yake, akabonyeza.

Simu ya Debora ilitetemeka ndani ya mkoba, chini ya kwapa lake. Alikuwa ameizima sauti, lakini ilitetemeka dhidi ya mbavu zake, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Aliubana mkoba kwa mkono. Aliona kila mtu anaisikia, ingawa hakuna aliyegeuka. Akaomba ikate. Ikakata.

Aliyefuata alikuwa Ruthu.

"Mama, shikamoo. Vua kitambaa tafadhali."

"Sivui."

"Unasemaje?"

"Sivui kitambaa mbele za watu. Angalia macho. Angalia pua. Ni mimi."

"Kwenye picha hukukivaa."

"Siku ile nilikuwa na joto."

Watu walianza kunong'ona. Bi Mwanasha aliegemea nyuma kwenye kiti, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole, jambo ambalo Debora aliliogopa kuliko kama angefoka. "Mama yangu, nisikilize. Namba hii hii iko kwako na kwa yule mzee. Ninaona mko wengi. Kama kuna mtu amewafundisha kufanya hivi, mtaje. Usipovua na usipomtaja, nafuta jina lako sasa hivi, na shamba limekwenda."

"Futa," alisema Ruthu.

Alisema hivyohivyo, neno moja, mikono imekamata ncha za kitambaa. Kidole cha Bi Mwanasha kilikuwa kimeshasogea kwenye kioo.

Debora hakuamua. Akiulizwa leo atakwambia hakuamua, miguu ndiyo iliyotoka ukutani. Alijisikia akisema "Subiri!" kwa sauti iliyopasuka, na uwanja mzima ukageuka, na polisi wakasimama.

"Ni mimi," alisema. "Hiyo namba ni yangu. Nimewajazia mimi, wote. Hao ni wenyewe, si watu hewa. Picha ndizo si zao."

Alieleza vibaya. Alianzia katikati, akarudi mwanzo, akasema huyu ni mama yake, akamtaja Gaudence ambaye hakuna aliyemjua. Bi Mwanasha alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Sijui kama wewe ni mwizi au ni mjinga," alisema. "Una hiyo programu?"

"Ninayo."

"Mpige yule mzee. Hapa, mbele yangu."

Mzee Matonya aliinuliwa kwenye benchi. Debora alikiwasha tena kile kitufe, akainua simu kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha, akapiga. Duara dogo la kusubiri lilizunguka kwenye kioo. Bi Mwanasha, polisi na mtendaji waliinama kutazama, vichwa vimegusana. Mandhari ikawa bluu. Mikunjo ikalainika. Halafu ile alama, iliyokaa juu ya paji la Mzee Matonya tangu utoto wake, ikatoweka mbele ya macho yao, bila hata kubakiza kivuli.

"Mungu wangu," alisema mtendaji.

Mzee Matonya aliomba aone. Alionyeshwa. Aliishika simu muda mrefu, akakigusa kioo kwa kidole gumba kama anayefuta vumbi, akairudisha.

Bi Mwanasha alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi wake. Alitoa maagizo kwa mtu wake mmoja: kamera ya mradi iletwe, wote wapigwe picha upya, za zamani ziambatanishwe na maelezo. Hakuna jina litakalofutwa leo kwa sababu hii. Uwanja ukapumua. Kisha akanyoosha mkono kwa Debora, kiganja juu.

"Simu yako inabaki kwangu. Na kitambulisho chako cha kazi. Ofisi yako ni ipi?"

Debora alisema. Kulisikia jina la ofisi yake likitamkwa pale uwanjani, na polisi akiliandika, kulimfanya aone baridi.

"Jumatatu asubuhi utaripoti polisi wilaya, na mwajiri wako ataarifiwa. Mimi nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Watakachoamua si changu." Alipokea simu na kitambulisho. "Ungekaa kimya ukutani pale, ningekwisha kumfuta mama yako. Hilo nalo nitaliandika."

Debora aliitikia kwa kichwa. Aliwaza Jumatatu, aliwaza Anitha, aliwaza kiti chake ofisini na nani angekalia. Hofu haikuwa imeondoka hata kidogo. Ilikuwa imehama tu kutoka Jumamosi kwenda Jumatatu. Lakini mama yake alikuwa salama, na hilo alilishika. Akamgeukia, akajaribu kutabasamu.

"Mama, vua sasa. Yameisha."

Ruthu hakuvua. Alikuwa amesimama palepale mbele ya meza, mikono bado kwenye ncha za kitambaa.

"Si mimi niliyeifuta, mama," Debora alisema. "Umeona. Ni simu, inafuta yenyewe. Mimi sikuiona."

"Nimeona. Kila mtu ameona." Ruthu alisema kwa sauti ya chini, ileile ambayo mtu hutumia kwenye geti la shule asisikike na wengine. "Lakini siku ile pale kanisani ulinigeuzia simu nitazame. Ukacheka. Ukaniambia, 'Mama, umependeza.' Nimekuzaa nimekulea, Debora. Sijawahi kusikia ukiniambia hivyo."

Debora alikuwa na maneno ya kutosha kwa ajili ya polisi, kwa ajili ya mwajiri, hata kwa ajili ya Mungu: jua lilikuwa kali, kioo kidogo, yeye alikuwa anaangalia masikio na rangi ya bluu. Yote yalikuwa kweli. Na alikumbuka siku ile, sasa alikumbuka vizuri, jinsi alivyoitazama ile picha na kitu fulani kikatulia ndani yake, kikapumzika. Aliiona. Aliiona akaipenda.

"Nikajua bado ni aibu kwako," Ruthu alisema. "Ndiyo maana nikawaambia wenzangu tufunike. Nikawaambia mtoto wangu asifungwe kwa ajili ya sura zetu."

"Mama."

"Mama, sogea hapa," aliita mpiga picha wa mradi. Alikuwa ametundika shuka la bluu kwenye mlango wa darasa. "Kichwa wazi, tafadhali."

Ruthu alikwenda akakaa kwenye kigoda. Alifungua kitambaa mwenyewe, akakiweka mapajani. Wakati anatazama mbele hakumtazama binti yake. Debora alisimama nyuma ya yule kijana wa kamera, bila simu, bila kitambulisho, akajilazimisha kumwangalia mama yake usoni, katikati ya paji, bila kugeuka pembeni. Alitaka kusema lile neno. Alijua likitoka sasa litakuwa kama malipo, akaogopa kulisema, akaogopa pia kutolisema.

"Umependeza, mama," alisema.

Kamera ikalia. Kijana akageuza kioo, akamwonyesha Ruthu. Ilikuwa picha yake, na mikunjo yake, na duara lake.

"Ndiyo," alisema Ruthu. "Huyo ni mimi."

Akainuka kumpisha mwingine. Akachukua kitambaa chake, akakikung'uta vumbi, akakizungusha kichwani. Debora aliifuata ile mikono kwa macho, aone kitafungwa wapi. Ruthu alikivuta mpaka kwenye nyusi, akakaza fundo, akaenda kukaa na wenzake.